Jina Nililolitaja

Chumbageni, Tanga

Kwa Mama mdogo Mwanamwema,

Shikamoo. Natumai miguu imeacha kuvimba, na huko Wete mvua imewaachia mkaanika karafuu zenu. Sisi wazima wa mwili, alhamdulillahi. Hii ni barua yangu ya kwanza tangu uondoke, mwaka wa sita huu. Nakuomba usiichane kabla hujaimaliza.

Kaka Idarusi amepimwa ubongo. Watafiti walikuja hospitalini wakitaka wagonjwa wanaosikia sauti kama yeye. Waliagiza aje na nywele safi, zisizo na mafuta. Loo, na mimi nilikwisha kumpaka ya nazi, ulivyotuzoesha! Ikabidi nimwoshe bombani pale pale, mwenyewe akicheka. Kisha wakamvisha kofia ya nyaya, mawimbi yakajichora kwenye kompyuta.

Daktari Timotheo, Mbondei mpole, alinieleza kuwa maradhi yale ni skizofrenia. Sehemu za ubongo hupashana habari, na kwa wengi wenye maradhi haya mawimbi yanaonyesha mawasiliano hayo hayaendi sawa. Wanadhani huenda ndiyo maana mtu husikia mawazo yake mwenyewe akaona anasemeshwa na mwingine. Nikamuuliza kama yupo mtu anayeweza kumtupia mwenziwe jambo hilo. Akasema hapana, dada yangu, hakuna aliyeyatuma maradhi haya. Nililia mpaka wakaniletea maji.

Mama, siku ile ya kupunga pepo Makorora, fundi wa uganga alisema jini amekataa kupanda kwa Idarusi, atapanda kwa nduguye amtaje aliyemtuma. Nikatetemeka, nikabadili sauti, nikakutaja wewe. Jua halijatua wajomba wakakutolea vyombo vyako nje, wewe uliyetulea tangu marehemu mama atutoke.

Wallahi hakuna kilichonipanda. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilikuwa na kinyongo kwa kuwa uliikataa posa Yasini aliyoniletea, na walipotaka jina, nikawapa lako. Wajomba nimewaambia juzi.

Idarusi anameza vidonge, na sauti zimemwachia. Lakini wiki iliyopita nilimkuta jikoni analia kama mtoto. Alisema sauti moja ilikuwa yako, ikimwita aje kula, na sasa hiyo nayo haisikii. Akaniuliza uko wapi.

Mimi usinisamehe kama moyo umekataa. Ila mpigie yeye, kwa namba yangu ile ile, umwite ale.

Nisalimie Tuhfa na majirani wengine wote waliokupokea.

Aliyekuwa mwanao,
Samira