Harufu Haikuwa ya Mzee Wakoli

Nyinyi watu wa mtaa wa Huruma miguu mnayo, simu mnazo, lakini nyanya yenu Dani Awuor mnamkumbuka siku nyumba inawaka. Mwezi mzima hakuna aliyeniandikia hata kuuliza kama goti langu lilipona. Limepona, asanteni kwa kutouliza. Sasa huyu mmoja amejitokeza. Barua yake nimesomewa nikacheka mpaka nikaomba maji, kisha nikaacha kucheka.

*

Mpendwa Dani, naomba unisaidie kabla mambo hayajanifia mikononi, kwa sababu Jumamosi watu wetu wanakwenda kwa kina Nasambu kupeleka posa na sasa baba yake, Mzee Wakoli yule aliyestaafu reli, amesema hataki kuona mgeni, na chanzo ni mimi ingawa yeye hajui. Mimi nachapa tishati, na kwaya ya kanisa lao iliniletea tishati nyeusi nizichape tarumbeta ya njano, na kwa kitambaa cheusi natumia ule wino wa kuondoa rangi, yaani unachanganya wino na njano yako halafu unatia poda kidogo, na poda hiyo ikipigwa joto la mashine inafukuza weusi wa kitambaa ili njano ikae mahali pake, inang'aa, na ukipitisha mkono huhisi kitu, ila inanuka mayai viza na lazima tishati ifuliwe kabla mtu hajaivaa. Za wengine nilizifua. Ya Mzee niliiacha mwisho maana nilitaka ing'ae kuliko zote, ajue binti yake anaolewa na fundi, basi nilipojaribu wino kwenye kipande cha kitambaa nikaona njano imefifia kama maji ya matope, na kwa haraka zangu nikasahau kwamba kabla ya joto huwa hivyo, nikaongeza poda maradufu, nikachapa, nikaipiga joto, ikang'aa Dani, ungeiona ungefumba macho, lakini mfereji wa maji wa ploti yetu ulikuwa umekauka na ibada ni kesho, nikaikunja vivyo hivyo, nikainyunyizia manukato, nikampelekea kama zawadi yangu, bila malipo.

Jumapili kanisa limejaa, mabati yanachoma, Mzee anaimba besi huku anacheza, jasho likamtoka, manukato yakaisha na ile harufu ikaamka. Mama Elsie wa sauti ya kwanza akajifunika pua na kitabu cha nyimbo akasema kila mtu akisikia, "Wakoli, kama ni maharagwe si ungebaki nyumbani? Mungu angekuelewa!" Watu wakaangua kicheko, benchi lote la besi likahama likamwacha peke yake, akanyamaza katikati ya ubeti. Na mimi niliyeketi benchi la nyuma yake nikacheka pia, Dani, ili nisishukiwe.

Tangu siku hiyo hali maharagwe, hali mayai, maziwa ameacha, anakunywa mizizi michungu ya kuoshea tumbo, na jioni anajifungia chumbani akiwa amevaa tishati ile ile, kwa sababu ni zawadi ya mkwe na amekataa katakata isifuliwe, anasema rangi nzuri hivyo sabuni itaila, na harufu ikimpanda puani anamwambia Nasambu, "Unaona? Bado naoza ndani." Hawezi, anasema, kuketi chumba kimoja na wakwe akiwa na tumbo hilo. Sasa nikinyamaza, hakuna posa. Nikisema, nitaanzaje kumtajia baba mkwe mambo ya kujamba, hata kama ni kumwambia hakujamba? Na Nasambu akijua nilicheka? Nifanye nini?

Sylvance, Huruma

*

Sylvance wewe! Mara ya mwisho uliketi hapa kwangu ukilia Nasambu hakutaki, machozi yanaingia kwenye omena zangu na bado unazila. Nikakuelekeza, msichana akakutaka, ukapotea kama moshi. Hata kuja kuniambia "Dani, nimekubaliwa"? Haya, nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini Mzee hawezi kungoja.

Poda nakusamehe. Kila mtu hukosea akiwa na haraka ya kupendeza wakwe. Lakini mwanangu, mimi sijaketi darasani hata siku moja na sijawahi kuongeza magadi maradufu kwenye mboga ya mrenda eti iwe laini zaidi. Ungeshindisha watu chooni! Ungekitia joto kile kipande kwanza, ungeona njano yako iko sawa. Na unachanganyia wapi madawa hayo? Usinijibu, nakujua, ni hapo unapolala, kando ya sufuria ya uji. Toa vitu hivyo nje penye upepo, vaa glavu, funika pua na mdomo. Nasambu hajakubali kuolewa na kikohozi.

Kucheka ndiko kunakoniuma. Mzee wa watu amekaa peke yake kwenye benchi, anaaibika kwa ajili ya zawadi yako, nawe nyuma yake unaonyesha meno. Sasa anajinyima chakula, anakunywa mizizi kwa ugonjwa ambao hana, na wewe unaniuliza habari za posa. Mtu anakonda, Sylvance!

Basi sikiliza. Leo hii, kabla ya jua kuzama, mwambie Nasambu kila kitu, hata kicheko. Atanuna. Mwache anune, ana haki. Akimaliza, ambembeleze baba yake avue hiyo tishati, maana poda imo bado na ngozi ya mzee si ya kuchezea. Ifue wewe kwa mikono yako, pale uani, Mzee akikuangalia kutoka dirishani. Aone njano haiendi na sabuni. Hofu yake ilikuwa hiyo tu.

Halafu kwaya ikikutana kwa mazoezi, Nasambu amlete baba yake. Amwambie besi imepungua bila yeye, na si uongo. Wewe chapa tishati nyingine kwa wino ule ule uliozidi poda, usiifue, uivae juu ya shati zito isikuwashe. Simama mbele ya Mama Elsie. Imba, ruka, pigapiga miguu, mpaka jasho likutoke kama la baba mkwe wako. Mama Elsie akishika pua, sema, "Mama, hii ni poda yangu ya kuchapia, ndiyo ya siku ile. Mzee alivaa kosa langu. Nilijua, na nikacheka." Umeona? Hujataja tumbo la mtu yeyote. Heshima ya mkwe imekaa pale pale, na walewale walioziba pua wamesikia kwa masikio yao.

Kisha mgeukie Mzee, mpe tishati yake safi kwa mikono miwili, na unyamaze. Akikukemea kwa lugha ya kwao, inama. Akikataa posa Jumamosi hii, rudini Jumamosi nyingine, na nyingine, mpaka akubali. Lakini mimi naona hatakataa. Mtu aliyekataa zawadi yako isifuliwe alikwisha kukupenda zamani.

Na mtu ampikie maharagwe, jamani!

Siku ya kuja kwangu njooni wawili. Uniletee tishati nyeusi yenye ua la njano, saizi ya mwanamke aliyekula vizuri maishani. Iwe imefuliwa mara mbili. Nitainusa ukiwa bado mlangoni, ndipo niseme karibu.