Mate ya Mama Kwenye Kioo

Kwa kaka yangu Kamau, popote ulipo, kama hapo popote papo,

Nianze kwa kukuambia kwamba tumekuona. Uko ukutani, ndani ya fremu nyeusi, kwenye makumbusho ya jeshi kule kambini. Najua ungecheka. Wewe uliyekuwa ukiikimbia kamera kwenye kila harusi, ati macho yako hutoka mekundu, leo watoto wa shule wanaletwa kwa basi kukutazama.

Ni Mutua aliyetuambia. Mutua wako yule, mliyelala naye kitanda cha juu na cha chini tangu mkiwa makuruta. Alirudi na mguu mbovu, akaacha jeshi, na siku hizi anakata nyama kwenye bucha moja Dagoretti. Mama humwendea mara kwa mara, akijifanya anataka matumbo. Mimi na wewe tunajua Mama hapendi matumbo. Anaenda kumsikia mtu akitaja jina lako. Sasa siku moja Mutua akamwambia, "Mama Kamau, kuna picha yetu wameweka kule makumbusho. Hata Kamau yuko. Jumamosi raia wanaruhusiwa kuingia." Mama akarudi Kinoo bila nyama, bila mfuko wake, akanipigia simu kazini akipiga kelele kana kwamba simu ni bomba la maji.

Sikutaka kwenda, nakwambia wazi. Tangu wale maafisa waje nyumbani, wakakaa kwenye makochi yetu, wakanywa chai yetu, wakasema "hajulikani aliko," mimi nikiona gwanda la kijani huvuka barabara. Hajulikani aliko! Kwetu Kinoo mbuzi wa mtu akipotea mtaa mzima hutoka kumtafuta. Wewe umepotea, na waliokupeleka wakaniuliza kama kuna sukari zaidi. Lakini nilijua Mama anataka nini kule, na hilo sikuweza kumnyima.

Unaikumbuka ile asubuhi yako ya mwisho nyumbani? Mimi naikumbuka kuliko siku niliyoolewa. Ulikuwa umetandika blanketi juu ya meza, pasi ya makaa inafuka moshi, unajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya shati la gwanda, fyuuu, halafu unakandamiza. Mkunjo wa mikono ya shati ulikuwa umenyooka hata nzi angeogopa kutua. Mama akaingia kutoka kwa ng'ombe akijipangusa mikono kwa leso. Ulikuwa umeshavaa. Akasimama mbele yako akasema, "Kuja nikubariki."

Kama alivyotufanyia sikuzote. Siku ya mtihani, siku ya kwenda bweni, siku yangu ya kwenda kwa mume. Yale mate yake ya ncha ya ulimi, puu kwenye kiganja hiki, puu kwenye kile, puu kifuani, kisha, "Enda salama, urudi mzima." Nyanya alimfanyia yeye, na mama yake nyanya alimfanyia nyanya. Kanisani Mama hayataji, anajua pasta atakunja uso, ila nyumbani kwetu hakuna aliyevuka lile lango kwa safari bila mate ya Mama.

Wewe ukarudi nyuma ukicheka. "Ah, Mathe! Utanichafulia uniform. Utanibariki nikikuja likizo."

Nami kwa mdomo wangu huu usiotulia nikakuchokoza, "Na si hiyo shati umeitemea maji wewe mwenyewe sasa hivi?"

Tukacheka, kaka. Tukacheka mpaka ukashika ubavu. Mama hakucheka. Alisema tu, "Haya." Ukambeba begani kidogo kama ulivyozoea, ukashika begi lako, ukashuka kwenda barabarani. Likizo haikuja.

Mimi siamini kwamba mtu hupotea kwa kukosa mate. Huko vitani mlikopelekwa kuna walioombewa na maaskofu na bado walirudi ndani ya masanduku. Nimemwambia Mama hivyo, tena kwa ukali, Mungu anisamehe. Yeye hunisikiliza mpaka mwisho kisha anasema, "Kijana yangu alitoka hivi hivi." Basi. Hapo ubishi unaisha. Na miaka yote hii jambo alilotaka ni hilo moja, akupe ulichokikataa. Ungerudi kiwete, ungerudi kipofu, ungerudi ndani ya sanduku, angekutemea viganjani na moyo wake ungetua. Sasa angefanyaje na hakuna viganja? Ndiyo maana niliposikia habari za picha nikajua safari hiyo haina kukwepa.

Jumamosi akavaa gauni la kanisani na sweta ya bluu uliyomnunulia. Getini tukaacha vitambulisho, tukapekuliwa, Mama akiinua mikono juu kama mtoto anayevuliwa nguo. Askari wa zamu akatukabidhi kwa sajini mmoja mnene, mtu wa Machakos, kichwa kimeanza mvi, kitambaa cha manjano kinaning'inia kwenye mfuko wake wa nyuma na chupa ya dawa ya kusafishia vioo mkononi. Alikuwa anapenda kazi yake, siwezi kumsingizia. Hakuna kioo kilichokuwa na alama ya kidole. Nje kuna mizinga imepakwa rangi mpya, na kundi la watoto wa shule walikuwa wamepanda juu yake, mwalimu wao anawafokea.

Ndani kuna masanamu yaliyovishwa magwanda ya zamani, yana masharubu na mashavu mekundu. Nikakumbuka ulivyotuchezesha kwata kwenye shamba la nyasi za nepia, mimi na fimbo ya ufagio, na ng'ombe wetu ukamfanya jenerali. "Jenerali anapita! Salimu!" Ng'ombe akajisaidia mbele ya gwaride, nawe ukasema ndivyo majenerali walivyo. Nilicheka peke yangu mbele ya sanamu na sajini akanitazama vibaya.

Kuna picha za wapagazi waliobebeshwa mizigo kwenye vita vya wazungu, wamepangwa mstari, vifua wazi. Chini pameandikwa "Wapagazi," basi. Mama alisimama hapo kitambo.

"Hawa hawana majina?"

"Ni wa zamani sana, mama," sajini akajibu. "Majina ilipotea."

"Mama zao walikuwa wanajua majina," Mama akasema, akaendelea kutembea.

Wewe uko chumba cha mwisho. Sikukuona, nilikuwa nasoma maandishi. Nilihisi tu Mama ameuachia mkono wangu. Alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayemfuata mwanawe sokoni. Askari kadhaa wamekaa chini ya mti wa miiba, vikombe mkononi, na wewe uko nyuma kabisa, bega la mtu limekuficha nusu. Umeinamisha shingo upande, ile shingo yako ya kusikiliza umbea. Nilikujua kwa shingo. Mutua yuko mbele, miguu yake miwili mizima. Chini pameandikwa "Askari wakipumzika." Hata wewe huna jina, kaka. Wapagazi walipotelewa na majina yao kwa sababu ni wa zamani. Wewe sijui nikusemee nini.

Mama hakulia. Alitoa leso, akajipangusa midomo, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Nikaona kifua chake kinapanda. Kisha, puu, pale ungekuwa na kiganja. Puu, upande wa pili. Puu, pale bega la yule mwenzako linapokuziba kifua. Akaanza, "Enda salama..."

"We mama! We mama!"

Sajini alikuja mbio, buti zinagonga sakafu. "Unatemea mashujaa mate? Kwani hauna adabu? Watoto wa shule wanaangalia!" Na kweli watoto walikuwa mlangoni, wamekodoa macho, mmoja anacheka. Kabla sijafumbua mdomo ameshapiga dawa, fyu fyu, kitambaa kimetoka mfukoni, mkono unazunguka juu ya kioo mpaka kinalia kwii.

"Wacha kupangusa!" nikapiga kelele. Nilimshika mkono, kaka, nilimshika sajini wa jeshi mkono ndani ya kambi ya jeshi. "Wacha! Ni kijana yake! Alikuwa anambariki!"

Mkono wake ulizunguka mara moja zaidi, kwa mazoea tu, halafu ukasimama.

"Kijana yake nani?"

"Huyo wa nyuma. Hajawahi rudi. Aliondoka kama hajabarikiwa."

Alitazama picha, akamtazama Mama, akatazama kitambaa. Nikauona uso wake ukishuka. Kumbe ajua. Ajua vizuri. "Ngai, Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata nyanya yetu alikuwa anatufanyia hivyo. Sijui mbona sikufikiria. Mimi niliona tu kioo." Akawafukuza wale watoto kwa ishara ya kichwa. Akamgeukia Mama. "Rudia, mama. Rudia tu, sitaguza tena. Hata nitakaa mlangoni mtu asiingie."

Mama alikuwa akiitazama sehemu iliyopanguswa. Ilikuwa inang'aa kuliko kioo kingine chote. Alisogea, akainama, akajaribu. Nikamwona akikusanya mdomo, akimeza, akikusanya tena. Hakikutoka kitu. Akajaribu mara nyingine na kilichotoka ni pumzi, ikafanya ukungu kidogo kwenye kioo, ukungu ukaondoka.

"Imekauka," akasema.

Nikamkimbilia na chupa yangu ya maji. Akaisukuma. "Baraka hailetwi na maji, Nyambura." Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Angempiga yule mzee kwa mkoba, angelaani kambi nzima pamoja na mizinga yake. Alisimama tu pale akijifunga leso.

Tulipofika mlangoni sajini akatuita tena. Ameshika simu, kioo chake kimepasuka kona. Akamwonyesha Mama picha ya kijana mwenye kofia ya jeshi, meno yote nje. "Huyu ni wangu wa mwisho. Wamempeleka huko huko majuzi. Mama yake alishaaga dunia." Alikohoa. Mtu mkubwa yule, na mvi zake, akamnyoshea Mama ile simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti. "Tafadhali, mama. Kidogo tu."

Mama yetu, Kamau. Mama aliyembariki mtoto wa jirani aliyetuibia kuku, kwa sababu alikuwa anaenda korti na hana mama. Aliishika ile simu, akaitazama picha ya yule kijana kwa muda. Akamrudishia.

"Sina, baba. Nimebaki bila."

"Haidhuru, mama," sajini akasema. Tukamwacha na simu yake mkononi.

Kinoo tukashuka, akasimama kando ya barabara mpaka magari yakaisha, akavuka, akaenda kukamua ng'ombe akiwa na gauni lake la kanisani.

Nilidhani wakati nakuandikia nitafika mahali nikuambie jambo la kunyanyua moyo. Sina. Unajua kazi yangu, bado niko River Road kwenye kile kiwanda cha uchapishaji, na tunachochapa zaidi ni vijitabu vya mazishi. Naandika habari za watu nisiowajua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alizaliwa. Alisoma. Alifunga ndoa. Aliugua kwa muda mfupi. Alilala. Naweza kumwandika mtu huku nikinywa uji. Wewe nikikuanza nakwama kwenye gwanda na pasi ya makaa, kwa sababu baada ya hapo sijui ulifanya nini. Kama ulilala, hakuna aliyeniambia ulilala wapi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwa nautumia msemo huo kukula mahamri yako ukichelewa. Mjinga mimi.

Zamani nilikuwa nakukasirikia. Ningesema, si ungesimama tu, mate yangekauka kabla hujafika barabarani, gwanda lingekuwa safi. Hata hasira hiyo siku hizi siioni. Mutua anauliza kama Mama ni mgonjwa, mbona haji tena kununua matumbo. Namwambia ana shughuli. Hana shughuli. Hajakutaja tangu siku ile. Nikikutaja mimi, anauliza kama nimefunga kuku.

Jumatatu iliyopita Wambui wangu alikuwa anarudi bweni. Unamkumbuka akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa ananipita kimo. Alivaa sketi ya shule, akavuta sanduku mpaka mlangoni, akamwendea Mama akaweka viganja wazi mbele yake kama tulivyomfundisha, akangoja. Mama alivitazama vile viganja. Akavikunja, kimoja baada ya kingine, akampapasa kichwa.

"Enda tu, gari itakuacha."

Mtoto akanitazama mimi. Nikamwambia tuondoke. Sisi wote sasa tunatoka hivi hivi, kaka, kama ulivyotoka wewe.

Lala, kama umelala.

Dada yako mdogo,
Nyambura