Pilau ya Posa Niliyoipika Bila Kujua

Bondeni, Nakuru
12 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Zayed,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Doha ukiwa mzima, na kile kifua kimepona. Huku tu salama. Mama presha yake imetulia, mvua bado, na vumbi la Bondeni ni lile lile. Barua nimempa Makhanu, jirani yetu anayerudi kazini huko, kwa sababu tangu Jumapili hushiki simu zangu.

Jumapili yenyewe uliniambia nipike pilau ya hitima ya Baba. Niliamka alfajiri, nikachambua mchele na kukaanga vitunguu huku nikimwombea marehemu. Kumbe nilikuwa najipikia posa! Wageni walipoingia nikaona ni watu wa Salgaa, na katikati yao Bwana Twaibu mwenye malori, yule yule aliyekutafutia kazi Doha.

Ami Miraji akaja mlangoni pa chumba changu na simu mkononi, wewe ukiwa hewani. Akaniuliza, "Umaima, Twaibu amekuposa. Unasemaje, mama?"

Nilinyamaza. Nikakusikia kwa masikio yangu ukisema, "Amenyamaza, basi amekubali. Mimi walii wake, msimamizi wa ndoa yake, nimepokea." Fatiha ikasomwa, na pilau yangu ikaliwa.

Zayed, mimi si mwanamwali. Niliolewa Gilgil, nikaachika, na nina mtoto. Msichana ndiye ambaye kimya chake huhesabiwa ridhaa. Mwanamke aliyewahi kuolewa husema kwa mdomo wake. Hilo unalijua, tulisoma madrasa moja. Na nilipoachika ni wewe uliyenishika mkono ukaniahidi kwamba hakuna atakayeniingiza tena nyumba nisiyoitaka. Angekuwa mtu mwingine ningekasirika yakaisha. Wewe umenisaliti, na inaniuma hata nikiwa nafua nguo.

Sina ubaya na Bwana Twaibu. Huenda ni mtu mzuri. Lakini fadhila alikufanyia wewe, kwa hivyo mlipe kwa kitu chako.

Nikahi wameipanga kabla ya Ramadhani. Basi pokea jibu ambalo hukulingoja siku ile: sitaki. Nimemwambia Ami Miraji, naye akasema, "Mwanangu, mimi ni mjumbe tu, ongea na ndugu yako." Wewe ndiye uliyeipokea posa, na wewe ndiye wa kuirudisha. Mpigie Bwana Twaibu mwenyewe, umwambie kwamba mimi sikuwahi kukubali. Usithubutu kumwambia nimegeuka. Ukikaa kimya nitaenda kwa Kadhi, na akiniuliza nani alinisemea, nitalitaja jina lako.

Nisalimie wifi Safiyo na watoto. Mama anakusalimu sana. Hajui ninayokuandikia, anadhani nakuuliza habari za kazi. Allah akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, na ambaye kwa sasa sina walii,

Umaima