Kwa Nini Nilikata Simu ya Wakwe

Mama,

Mulembe. Natumaini goti limetulia na unapanda boda boda kwenda sokoni Busia kama tulivyokubaliana, si kutembea na gunia la omena kichwani. Mjomba Ouma anaendeleaje na kikohozi chake? Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekasirika, na nimeamua kukasirika kwa kalamu, kwa sababu kwenye simu ndugu yangu Wandera huanza kunijibu kabla sijamaliza kusema. Barua hii anakuletea Taaka wa Malaba, mwenzangu wa kazini, anayekuja kuona watoto wake.

Nasikia siku hizi mimi ni mzungu. Kwamba siku ya mahari ya mdogo wetu Ajiambo, wakwe wa Port Victoria wameketi kwetu Marachi, wazee wanangoja dada mkubwa aseme neno lake, mimi nikawakatia simu. Ni kweli nilikata, Mama. Sasa sikia ilivyokuwa.

Unamjua Bi Ruth, yule bibi ninayemtunza na kuishi naye. Amepita miaka themanini na mapafu yake ni mabovu. Nyumba za huku hazikaliki wakati wa baridi bila mashine ya kuwasha gesi na kusukuma hewa ya moto kila chumba. Inaitwa fanesi, imewekwa chini kabisa ya nyumba, na ni kubwa kama kabati lako la vyombo. Jumamosi hiyo niliamka mapema nikavaa kitenge, nijiweke tayari kwa simu yenu. Kufungua mdomo hivi, naona pumzi yangu inatoka kama moshi. Ndani ya nyumba, Mama! Fanesi ilikuwa imekataa kuwaka.

Nikamfunika Bi Ruth blanketi zote pamoja na koti langu, nikampigia mwanawe, Martin. Akasema mafundi wote wameshikika mpaka Jumatatu, na barabara zinateleza, hawezi kuja kwa sasa. Basi nishuke chini nimwonyeshe mashine kwa video, yeye aniongoze.

"Badilisha betri za kile kisanduku cha ukutani."

Nikabadilisha.

"Angalia swichi ya stima."

Iko sawa.

"Chujio la hewa limeziba?"

Nikalichomoa. Safi, nililiweka mwenyewe majuzi.

"Mlango wa mashine umefungwa vizuri? Usipofungwa vizuri haiwaki."

Nikausukuma kwa goti mpaka ukalia.

"Zima, ngoja kidogo, uwashe tena."

Mama, ile kitu ilikuwa inanichezea. Feni ndogo inaanza kuzunguka, naanza kumshukuru Mungu, inabofya mara moja, kisha kimya. Inajaribu tena, kimya. Kama trela mbovu pale Malaba asubuhi, dereva anakanyaga na turnboy, msaidizi wake, anatukanwa. Mwishowe ikanyamaza kabisa, ikabaki kunikonyeza kwa kijitaa chake chekundu.

Hapo ndipo Wandera alipopiga. Nina tochi mdomoni, vidole havisikii kitu, Martin anapiga kelele, "Usikate! Usikate!" na bibi wa watu anakohoa juu. Nilikata simu ya Wandera. Akapiga tena, nikakata tena.

Nikapanda kumtazama Bi Ruth. Midomo imeanza kubadilika rangi. Nilishtuka. Nikamwambia, "Bi Ruth, naita gari la wagonjwa likutoe hapa."

"Sitoki kwangu," akasema. "Na nikifa, usimwache Martin achague maua."

"Basi niombee hiyo mashine iwake."

"Umeondoa theluji kwenye mabomba?"

"Mabomba gani?"

"Yale ya ukutani, nje. Mashine inavutia hewa pale. Marehemu mume wangu alikuwa anayafagia kila theluji ikianguka."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Martin huniambia nikae nisijichoshe."

Nilitoka na beleshi, kitenge changu na viatu vya mtu nilivyovikuta mlangoni. Mama, Ijumaa Martin alikuja na mashine yake kusafisha njia ya gari, na theluji yote aliirusha ukutani, upande huo huo wa mabomba. Mlima mzima! Nilichimba nikilia, sijui ni baridi au hasira. Simu ikazimika mfukoni. Baridi ya huku inaua betri. Nikayafikia mabomba mawili meupe, yamezibwa na barafu kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nikayazibua kwa mikono.

Niliporudi chini nikaizima, nikaiwasha. Feni ikazunguka, ikabofya, halafu fuu! Moto wa bluu. Nilikaa sakafuni nikaangalia ule moto kama mtu anayeangalia harusi.

Simu ilipopata chaji nilimpigia Wandera. Akasema, "Wageni wameshaenda. Endelea na mambo yako ya ulaya." Akakata. Hakuuliza hata kama ni mzima.

Mchana Martin akafika, akapasha mikono, akasema, "Unaona? Ukifuata hatua moja moja haishindikani." Nilimpa beleshi nikamwonyesha mlima wake. Alichimba mpaka akawa mwekundu. Bi Ruth, akimtazama dirishani, akaniambia nimtilie chai, lakini asipewe mpaka amalize.

Mama, nililotaka kuwaambia wakwe ni hili, nawe uwafikishie. Ajiambo hana kelele. Akinyamaza wasidhani amekubali, wala wasidhani hajui kitu. Kabla hawajaamua jambo lolote la nyumba yake, wamuulize yeye kwanza. Mengine wazee wetu wameshasema vizuri kuliko mimi.

Nisalimie baba mdogo Makokha na mke wake, shangazi Auma wa duka la Malaba, na mjomba Ouma. Ajiambo mkumbatie kwa nguvu kwa niaba yangu. Wandera msomee barua hii yote, polepole, na umzuie kujibu mpaka umalize.

Ni mimi binti yako, wa Marachi hata kwenye barafu,

Nabwire