Fundi Sikio na Gari la Mikate

3 Februari

Shikamoo baba,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi huku sijambo, ni mgongo tu unanisumbua kwa kukaa kutwa nzima juu ya mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Hofu yangu ni kwako, kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea unasema "haya, haya, sawa," halafu unakata. Dada anasema hata yeye umemwambia akiwa na jambo aandike. Haya, naandika, ingawa imeniudhi.

Fedha za gari la dada zimetimia. Baba, gari hilo ndilo kazi yake. Kiwanda cha mikate kimempa maduka ishirini ya kupelekea kwa sharti la kuwa na gari, na asipokuwa nalo maduka anapewa mwingine. Kwa hiyo nakuomba usinunue gari la kwanza unaloonyeshwa. Muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ushike injini mwenyewe uikute baridi. Linganisha namba ya kwenye kadi na ya kwenye chasisi. Liendeshe mpaka mlimani, usiridhike na kuzunguka uani. Na akikwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni na hela mkononi, mwache huyo mtu aje.

Tena nenda na fundi mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akijalia nitakuja mwezi wa nane.

Mwanao

14 Februari

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa afya, dada yako naye hajambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika.

Niende na fundi mwingine? Mimi? Wewe ulikuwa unalala kwenye viti vya nyuma vya magari ya wateja wangu kabla hujaota meno. Mtaa mzima hapa sina jina ila Fundi Sikio, kwa sababu naweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, na nakutajia ugonjwa kabla mwenye gari hajamaliza kulalamika. Siku hizi umevaa kofia ngumu ya ghalani unaona umekua. Sikio halipiti kichwa.

Gari nimelipata. Ni pikapu nyeupe yenye bodi la kufunga, ya mwenye duka la rangi. Namba nimelinganisha, ziko sawa. Chasisi haina kutu wala alama ya kuchomelewa. Nimelipeleka mlimani kama ulivyoniamrisha, likapanda. Injini nimeipima kwa bisibisi mbele ya mwenyewe, ni nzima. Yule bwana ana maneno mengi, lakini ni mcheshi na tulielewana vizuri. Dada yako alikuwa kazini, na sikuona sababu ya kumsumbua.

Tangu jana anabeba mikate. Usiniandikie tena kama mwalimu wa zamu.

Baba yako

2 Machi

Shikamoo baba,

Hali yako leo siulizi, na yangu usiulize.

Dada amenipigia akiwa kando ya barabara, gari limezima, mikate imejaa nyuma. Akaliwasha kwa shida, akasogeza simu kwenye injini ili nisikie. Baba, inagonga kama mtu anayepiga nyundo kwenye mlango wa bati. Fundi aliyekuja kulivuta amemwambia ugonjwa huo si wa wiki mbili, gari limenunuliwa nao. Na dada ananiambia aliusikia tangu siku ya kwanza, ila alinyamaza kwa sababu ni wewe uliyelipima. Hata kiziwi angesikia.

Miaka minne nimejinyima kwa ajili ya gari hilo. Bisibisi yako ilikuwa ya nini? Ulikuwa na haraka gani? Au muuzaji alikupa kitu? Naona aibu kuuliza, lakini nauliza.

Kiwanda kimempa dada wiki tatu tu. Zikiisha, maduka yanakwenda kwa mwingine na yeye anabaki na kopo la chuma mlangoni. Rudi kwa huyo mwizi umkabe, umpeleke polisi. Kama huwezi, niambie nimtafute anayeweza.

Mwanao

11 Machi

Shikamoo baba,

Hujajibu. Dada naye hataki kusema, ananiambia nisubiri barua yako. Anasukuma mikate kwa toroli kwenye maduka matano ya karibu, na yale ya mbali yameanza kulalamika. Hasira zangu hazijapoa, na kimya chako kinazichochea. Kama umekosea, sema umekosea.

Mwanao

22 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa mahali pamoja, na habari za hapo ndizo nitakazokuandikia.

Uliandika kwamba hata kiziwi angesikia. Hasikii. Nakwambia mimi ninayejua.

Sikio la kushoto lilikwenda mwaka juzi. La kulia limebaki na mvumo tu, kama redio iliyokosa stesheni. Miaka arobaini napiga nyundo kwenye vyuma, nilitegemea nini? Sikumwambia mtu. Nani atamletea gari Fundi Sikio asiyesikia? Nikajifunza kutazama midomo ya watu, na midomo isipoonekana nikajifunza kuitikia kwa kichwa na kucheka wenzangu wakicheka. Simu haina midomo, ndiyo maana nilikuwa nakukatia. Bisibisi niliendelea kuiweka sikioni kwa sababu wateja walikuwa wanaisubiri. Magari mengi niliyajua kwa moshi, kwa harufu na kwa rangi ya oili. Hili halikuwa na moshi.

Kwa huyo mwizi wako nilikwenda. Nilikwenda na spana mkononi, dada yako akinikimbilia nyuma, nikamtukana mbele ya wateja wake mpaka mate yakanikauka. Nilipomaliza akamgeukia dada yako akazungumza naye kwa muda mrefu. Nikaona uso wa dada yako unabadilika. Akatoa daftari lake la maduka, akaandika, akanipa nisome palepale dukani. Nakunakilia:

"Anasema alikwambia injini inagonga. Alikwambia mara mbili. Alisema yuko tayari kupunguza bei kwa ajili hiyo, wewe ukaitikia kwa kichwa, ukacheka, ukamlipa bei kamili. Alidhani unajua utakachofanya, kwa kuwa ni Fundi Sikio. Baba, tangu lini husikii?"

Alikuwa amesema hayo kichwa chake kikiwa ndani ya boneti, mwanangu, na mimi nilikuwa naona kisogo. Hasira zote nilizokwenda nazo zikakosa pa kutua, nikarudi nazo nyumbani. Yule bwana alirudisha ile sehemu ya bei aliyokuwa tayari kuipunguza, bila kuombwa. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Usidhani nimekaa nalia. Na wewe pia nimekukasirikia. Umeniuliza kama nilipewa kitu, na neno hilo sitalisahau upesi. Lakini kuhusu fundi mwingine ulisema kweli, na kiburi changu ndicho kilichomtia dada yako kwenye toroli. Hilo nimemwambia yeye, na wewe nakuandikia.

Injini niliishusha mwenyewe. Beringi zilikuwa zimelika vibaya, ndizo zilizokuwa zinagonga, nimetia mpya. Kisha nikavuka barabara kumwita yule fundi aliyelivuta gari, mshindani wangu wa miaka yote, nikamwomba anisikilizie. Nilimweleza sababu kwa mdomo wangu. Hakucheka. Dada yako akawasha, mimi nikaweka kiganja juu ya injini. Ilitetemeka sawasawa, bila kuruka. Nikamtazama mwenzangu, naye akaitikia kwa kichwa, ila yeye alikuwa anasikia kweli.

Juzi dada yako alirudi kwenye maduka yake yote, zikiwa zimebaki siku tatu wiki zake ziishe.

Mwezi wa nane ukija utanikuta karakana, nimeinamia gari la mtu. Usiniite kutoka mlangoni ukadhani nimekununia. Njoo mpaka karibu, unishike bega.

Baba yako