Vipande vya Bunduki ya Almut

Husum, 11 Januari 2008

Kaka yangu Ortwin,

Hujambo huko milimani? Na sikio lako je, lile moja lililobaki? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila upepo wa bahari unaniingia hadi kwenye mifupa, na paka ameamua kwamba kitanda ni chake, mimi ni mgeni. Ningekupigia simu, lakini kuongea na wewe kwenye simu ni sawa na kuongea na mlango. Miaka ishirini na nane ya ukuta uliogawa nchi tuliishi kwa barua, tumeshazoea.

Nina ombi, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Nataka unitengenezee bunduki. Ndogo, ya shabaha, ya mita hamsini. Unaikumbuka bunduki namba kumi na nne? Kila Jumamosi niliifuta na kuipaka mafuta kama mama anavyompaka mwanawe, kisha mzee wa ghala anaichukua, anaifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni, kwa sababu ilikuwa mali ya chama cha walenga shabaha. Mwaka wa sitini na moja nilikuwa nimeandikishwa kwenye shindano la vuli. Lakini kabla ya vuli shangazi akanishika mkono tukavuka mpaka kwenda Magharibi, na sikupiga hata risasi moja. Tangu siku hiyo nimelenga kwa bunduki za kuazima.

Sasa nina miaka sitini na minne. Nataka Septemba hii nisimame kwenye uwanja ule ule, mle msituni, nipige risasi arobaini bila egemeo, kwa bunduki ambayo hakuna mtu atakayekuja kuidai. Mara moja tu, kisha nitatulia. Mtutu uwe mwembamba. Kifyatulio kiwe laini kama tulivyokipenda, cha kuondoka ukikiwazia tu. Kitako cha mbao uchonge wewe, sitaki cha mtu mwingine.

Mdogo wako,
Almut


Suhl, 24 Januari 2008

Almut mdogo wangu,

Salamu zimefika, nami nimezipokea kwa mikono miwili. Theluji imefika dirishani, miguu inauma, chakula kinashuka. Sikio lipo, ila linasikia linachotaka.

Nimecheka, ulijua nitacheka. Kisha nikaenda karakana nikatoa ubao wa mti wa jozi niliouchukua siku walipofunga kiwanda. Umelala juu ya dari miaka kumi na sita ukisubiri mtu wa maana. Nilidhani utatoka kwenda kwenye jeneza langu.

Sasa nisikilize fundi nasema. Mtutu kwanza, mengine baadaye. Nitachukua mitatu kwa rafiki yangu, niifunge kwenye kibano, niilishe risasi za kila aina. Kila mtutu una chakula chake, na ukikataa hiki hauli hata uubembeleze. Utakaokubali kuweka kumi zote kwenye tundu moja, huo ndio wako.

Umesema bila egemeo. Safi kabisa, wewe ni damu yetu. Wiki iliyopita nilimwona Volkmar jirani yangu ameegemeza bunduki yake juu ya kile chuma cha egemeo cha wazee, amesimama nyuma yake kama anauza maziwa dirishani. Nikamwuliza kama nimletee na muuguzi amshikie kidole. Hajanisemesha siku nne. Mimi siku nitakayoegemeza bunduki, mnizike nayo.

Niletee vipimo: urefu wa mkono, upana wa kiganja, kutoka bega hadi shavu.

Kaka yako,
Ortwin


Husum, 2 Machi 2008

Kaka Ortwin,

Habari za theluji? Huku inanyesha mvua ya pembeni, mwavuli hausaidii. Ni mzima, nala, nalala.

Vipimo nimeviweka kwenye karatasi ya pili. Mkono umefupika au tepu imerefuka, amua mwenyewe.

Nimefikiri tena kuhusu ule mtutu. Nadhani mnene ni bora, mzito, uliojaa mpaka mwisho. Upepo, unajua. Na kifyatulio, sitaki tena kile laini. Tafuta kigumu kidogo, ambacho mtu anaweza kuweka kidole na kukipumzisha pale bila bunduki kulia. Najua nilisema vingine. Mwanamke ana haki ya kubadili nia.

Jana nimemkumbuka mama alivyokuwa akitufungia matonge ya viazi ndani ya kitambaa twende nayo uwanjani, na wewe ukayala yote njiani ukasema mbwa ameyachukua. Hatukuwa na mbwa.

Mdogo wako,
Almut


Suhl, 15 Machi 2008

Almut,

Nashukuru u mzima. Mbwa alikuwepo, hukumwona tu.

Upepo gani? Uwanja wetu uko katikati ya misonobari, moshi wa soseji ukipanda pale unapanda wima mpaka mbinguni. Na kifyatulio unachotaka ni cha askari wa doria. Wewe uliyekuwa ukimfanya mwalimu alie kwa jinsi kidole chako kilivyokuwa chepesi! Lakini mteja ni mfalme. Mtutu mnene nimeupata, ni mzuri mno, umekula risasi za aina ya tatu na kuweka kumi ndani ya tundu ambalo kifungo cha shati kinaliziba.

Kaka yako,
Ortwin


Husum, 20 Aprili 2008

Kaka Ortwin,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Samahani kwa kuandika kwa mashine, binti wa maktaba amenifundisha kompyuta na sasa najiona msomi.

Maua ya njano yamefunika mashamba yote, ungeyapenda. Kuhusu bunduki, nina maombi madogo matatu. Ule mkono wa kufungia chemba ya risasi, uweke kitasa kikubwa, hata kama kitasa cha mlango. Pale pa kuingizia risasi paweke sinia pana, risasi ikidondoka iteleze yenyewe ndani. Na sehemu ya kushika kiganja iwe nene, inijaze mkono wote. Vidole vyangu vimenenepa na uzee, usinicheke.

Mdogo wako,
Almut


Suhl, 3 Mei 2008

Almut mdogo wangu,

Salamu, na leo sitakuuliza u hali gani kwa mazoea. Nakuuliza kweli.

Jana nilipanga vipande vyote juu ya meza yangu ya kazi. Mtutu mzito. Kifyatulio kigumu. Kitasa kikubwa. Sinia pana. Kishikio kinene. Nikaketi nikavitazama kama mtu anavyotazama nguo za mtu mwingine zikiwa kitandani. Miaka hamsini nimewapimia watu bunduki. Mtu akija karakana simwulizi anaumwa wapi, anachokitaka kinaniambia. Anayeomba pa kuwekea shavu pawe juu, shingo yake imekakamaa. Anayeomba kitako kifupi, bega limekwisha. Na barua zako umeacha kuziandika kwa mkono, wewe mwenye mwandiko ambao mama aliwaonyesha majirani.

Vipande hivi si vya upepo, Almut, wala si vya unene. Ni vya mkono unaotetemeka. Niambie mimi ni mpumbavu nami nitafurahi.

Ubao nimeuacha kwanza, sijaukata.

Kaka yako,
Ortwin


Husum, 30 Juni 2008

Kaka,

Utanisamehe kwa wiki nane za kimya. Nilianza barua hii mara nyingi.

Wewe si mpumbavu. Ilianza mwaka juzi, kidole gumba cha kulia, nilipokuwa namimina kahawa. Sasa ni mkono mzima. Daktari wa Kiel ana jina lake refu la ugonjwa, na vidonge vinasaidia saa chache. Ndiyo maana nilisema Septemba hii. Nilifikiri ukinitengenezea bunduki nzito ya kutosha nitaudanganya mkono kwa nusu saa, nisimame pale mara moja, basi. Sikukuambia kwa sababu nilitaka unitengenezee kama fundi kwa mpigaji. Sikutaka unionee huruma.

Juzi nilijaribu na bunduki ya chama cha hapa. Bila egemeo sikuweza hata kuipata karatasi. Risasi iliingia kwenye ubao wa namba. Nikawarudishia bunduki yao.

Basi uuze mtutu. Kwa egemeo sitaki, usinishauri. Tulicheka watu wa egemeo maisha yetu yote, siwezi kuja kwetu baada ya miaka arobaini na saba kuuza maziwa dirishani. Ubao ubaki juu ya dari.

Nimelia kidogo nikiandika, lakini sasa nimekwisha.

Mdogo wako,
Almut


Suhl, 9 Agosti 2008

Almut mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa mzee mwenye vumbi la jozi puani. Umenisubiri sana, najua. Nilikuwa kazini.

Mtutu sikuuza. Kitako nimekichonga, nimekipaka mafuta mara tisa, kiganja chako kitakaa pale kama kimezaliwa pale. Chini, sehemu ya mbele inayobeba mtutu, nimekichonga bapa na kipana. Unajua cha nini. Usiichane barua, endelea kusoma.

Nilipopata barua yako nilikwenda uwanjani peke yangu na bunduki yangu ya zamani. Nikapiga nikisimama, bila egemeo, kama ninavyojigamba. Almut, nina miaka sabini. Sijapiga vizuri tangu mwaka juzi, ila nilikuwa nachana karatasi zangu kabla mtu hajaziona. Volkmar amenishinda kila Jumapili, nami nimekuwa nikimwita mgonjwa. Nikaenda nikagonga mlango wake, nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaniazima kile chuma chake nijifunze.

Majina yetu nimeyaandikisha jana kwenye shindano la vuli, yako na yangu, risasi thelathini kama ilivyo kanuni ya egemeo, vibao vinavyopakana. Kama ni aibu, tutaila wawili. Tarehe ishirini Septemba. Treni ya saa mbili asubuhi, nitakuwa jukwaani.

Njoo, tafadhali. Sina mwingine wa kumchongea.

Kaka yako,
Ortwin


Suhl, 28 Septemba 2008

Almut mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama na paka amekurudishia kitanda. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Kikombe chako bado sijakiosha.

Siku ile nilifurahi kuliko nilivyosema. Ulipoishika bunduki mara ya kwanza ukaweka shavu, ukafumba macho ukasema, "Hii ni yangu," nilijifanya natafuta kitambaa.

Lakini kuna jambo linaninyima raha. Leo chama kimeniletea karatasi ya matokeo, risasi kwa risasi. Zako ishirini na tisa hakuna iliyoshuka chini ya alama tisa kati ya kumi. Ya thelathini ni nne. Nne! Mtutu ule haupigi nne. Kwa egemeo, hata mkono wako uwe unacheza ngoma, haiwezekani. Bunduki uliyoniachia nimeifungua mara tatu, nimekagua skrubu zote, nimeangalia kama mti umejikunja ukausukuma mtutu. Sioni kitu, na ndicho kinachoniogopesha. Labda ubao haukuwa umekauka vizuri. Labda nilikaza zaidi upande mmoja, macho yangu si yale. Hiki ni kitako changu cha mwisho, sitachonga kingine, na sitaki kiwe kilichokuharibia risasi yako ya mwisho.

Ulihisi kitu kimelegea? Kumbuka vizuri uniambie. Nilikuwa pembeni yako lakini jicho lilikuwa kwenye kibao changu, na upande ule sisikii.

Kaka yako,
Ortwin


Husum, 5 Oktoba 2008

Kaka yangu Ortwin,

Nimefika salama, sijambo. Naandika kwa mkono, kwa hiyo vumilia, herufi zinapanda mlima.

Acha kufungua bunduki yangu. Haijalegea popote, na ubao wako umekauka kuliko sisi wawili. Ningekuambia pale pale, lakini Volkmar alikuwa ametusimamia na masikio yake mazima.

Ilipobaki moja nilitazama kulia, nikakuona umefumba jicho umetulia. Mwamuzi alikuwa amepiga magoti anamtafutia mtu miwani. Nikaiinua, Ortwin. Niliitoa kwenye egemeo nikaishika kwa mikono yangu, nikasimama kama tulivyofundishwa, nyonga mbele, kiwiko ubavuni. Lo, ilivyokuwa nzito. Ilizunguka huku na huku, nikaona kibao chako, nikaona misonobari, nikaona kila kitu ila duara langu. Kidole nilikipumzisha palepale kwenye kile kifyatulio kigumu ulichokitukana, nacho kikanisubiri. Nilingoja mpaka duara lipite mbele yangu, nikavuta. Kisha nikairudisha juu ya chuma kabla mtu hajainua kichwa.

Ni kosa kwa sheria, najua. Wakiuliza, wafute jina langu. Zile ishirini na tisa ni za chuma na za ufundi wako. Ile nne niliipiga mimi.

Mdogo wako,
Almut