Mchicha Wenye Matundu

Mtunda, Ijumaa

Mama shikamoo,

Nimefika salama kwa shangazi, na wali wake wa nazi umeshaninenepesha. Jana alinituma nikachume mchicha. Nyuma ya jiko kuna tuta moja la mchicha, wadudu wameutoboa kama chekeche. Nikaona aibu, nikaenda shambani kwake kuchuma ule mzuri unaong'aa. Kuuona tu, shangazi akaunyakua akautupa jalalani, akafukuza na kuku wasiuguse. "Wataka kutuua? Huo nimeupiga dawa juzi! Huo wa watu wa Dar!" Siku hizi dawa yenyewe inauzwa duka lolote pale Kibiti, kando ya sukari. Basi tukala wa matundu. "Huu mdudu kauonja kwanza," kasema, "na hajafa."

Nikakukumbuka wewe, mama, unavyomrudishia muuza mboga fungu zima kwa sababu ya tundu moja. Nikamsimulia shangazi, akacheka mpaka akakaa chini. Tumbo lako linasemaje siku hizi?

Nakuletea mbegu, uoteshe mwenyewe uani. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema usiwe na wasiwasi, fungu lako limepanda lori la kuja huko Dar leo asubuhi, na halina tundu hata moja.

Mwanao,
Zuhura